Ndege ya Shemeji, Mizani ya Asali

Picha iliingia WhatsApp nikiwa mezani, Jumapili usiku, wali na kunde. Ndege nyeupe, mistari miwili myekundu ubavuni, imeoshwa hadi inang'aa. Chini yake shemeji kaandika: "Huyu hapa, shemeji. Cessna 172 ya 1978, iko uwanja wa Wilson, Nairobi. Saa zake chache. Unamwonaje?" Nikamjibu anitumie picha za logibuku ya injini, lile daftari la kazi zake zote. Akanitumia picha za viti. Viti vya ngozi, rangi ya karameli, bado vina nailoni.

Nikamaliza kula kwanza.

Shemeji wangu, mume wa dada yangu, ananunua asali na nta. Anazunguka Sikonge, Kaliua, Urambo, mpaka Uvinza kule, na ana wateja Kigoma na Dar es Salaam. Leseni ya rubani binafsi aliichukua Afrika Kusini miaka kadhaa iliyopita, akarudi Tabora nayo kama mtu aliyenunua tandiko kabla ya punda. Mimi nimekuwa fundi wa ndege miaka 31, sehemu kubwa Dar na Arusha, sasa nimestaafu niko Isevya na miembe yangu. Leseni yangu imelala, kwa hiyo sahihi yangu haiwezi kurusha ndege ya mtu yeyote. Macho bado yapo.

Swali aliloniuliza lilikuwa "ipi nzuri?" Nikamwambia hilo tuliweke kando. Aniambie kwanza itabeba nini, itatoka kiwanja gani na saa ngapi ya mchana. Akasema, ah, mimi, dada yako, kijana mmoja wa ofisini, na sampuli za asali. Kutoka hapahapa Tabora. Saa yoyote.

Basi tukaenda ghalani kwake kupima.

Mizani ya asali ni mizani ya kweli, ile ya jukwaa la chuma, haina huruma. Shemeji kilo 94, ingawa yeye alikuwa akijihesabu 85. Kijana wa ofisini 62. Dada akagoma kupanda mbele ya vibarua. Ikabidi vibarua watumwe nje kushusha mzigo ambao haukuwepo, ndipo akapanda, akavua na kandambili. Kilo 81. Jumla 237. Halafu tukaweka ndoo ya asali ya lita 20. Shemeji, mfanyabiashara wa asali, alikuwa ameandika kwenye karatasi yake "kilo 20". Sindano ikaenda 28 na ushei. Yeye huuza kwa kilo kila siku, lakini alipoanza kuota ndege akaanza kuhesabu kwa lita.

Sasa ndege ile ya picha. Cessna 172 ya mwaka huo, ile yenye herufi N, inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito usiozidi kilo 1,043, kila kitu ndani. Karatasi za muuzaji zilisema tupu ina kilo 668, baada ya rangi mpya na ngozi na redio. Zinabaki 375. Toa watu 237, zinabaki 138. Matangi yakijaa, kama lita 150 za petroli ya ndege, ni kilo 109 nyingine. Zinabaki 29.

Ndoo moja ya asali.

Shemeji akaitazama ile ndoo muda mrefu.

Hapo bado hatujagusa joto. Tabora tuko juu, kiwanja chetu kina karibu futi 3,900 kutoka usawa wa bahari, na Oktoba saa nane mchana kipimajoto kinafika 32 bila shida. Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi. Ukiingiza namba hizo kwenye hesabu ya marubani unapata kwamba kwa ndege, Tabora mchana huo ni kama kiwanja kilichoko karibu futi 6,800. Injini ya kawaida isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, hivyo zile nguvu farasi 160 za kwenye tangazo zinakuwa kama 125. Propela nayo inakamata hewa hafifu, bawa vilevile. Mbio za kuruka zinakuwa kama mara moja na nusu ya zile za pwani, na ukishanyanyuka unapanda futi mia tano hivi kwa dakika huku miombo imekujaa mbele.

Muuzaji alipoambiwa hayo kwa simu alicheka. Akasema ndege yake inaruka Wilson kila siku, na Wilson iko juu kuliko Tabora. Ni kweli, Wilson ina zaidi ya futi 5,500. Lakini asubuhi ya nyuzi 15 pale Nairobi, hesabu inatoa futi 6,800 na kitu, palepale Tabora inapofika saa nane mchana. Tofauti ni kwamba Nairobi ukitaka hewa nzito unaamka mapema unaipata nyepesi hivyohivyo, Tabora unaweza kuondoka saa moja asubuhi ukapata unafuu mkubwa. Nilimwambia shemeji aandike hilo mahali: akinunua ndege ndogo, amenunua na saa ya kuamkia.

Tulikwenda Nairobi hata hivyo. Mtu ameshapenda, usimkataze, mpeleke akaone.

Ndege ilikuwa nzuri kweli kwa macho. Shemeji alipanda, akakaa, akavuta pumzi ya ile ngozi mpya. Mimi nikapiga magoti kwenye zulia na tochi. Viti vya Cessna vinateleza mbele na nyuma juu ya reli mbili za alumini zenye matundu, na pini ya chuma inadumbukia kwenye tundu kukishika kiti. Miaka ikipita pini inakula tundu, tundu la duara linakuwa yai. Siku moja rubani anasukuma gesi yote, pua inanyanyuka, kiti kinachomoka kinarudi nyuma, na yeye mikono bado imeshika usukani, anauvuta nao. Watu wamekufa hivyo. Ndiyo maana Wamarekani, tangu 1987, wametoa agizo la lazima la kukagua reli hizo mara kwa mara. Nikaingiza kucha kwenye tundu la tatu. Yai. La nne, yai zaidi. Juu ngozi ya karameli, chini reli ambazo hakuna mtu aliyezigusa.

"Shemeji," nikamwambia, "hebu sukuma kiti kwa miguu." Kikaenda.

Akanyamaza. Nadhani alianza kununua kwa akili kuanzia hapo.

Logibuku ndiyo ilimaliza. Injini ilikuwa imefunguliwa yote na kufungwa upya mwaka 2003, na tangu hapo imefanya saa 310 tu. Muuzaji alilitamka hilo kama sifa. Mimi lilinitisha. Lycoming, watengenezaji wake, wanasema injini hii ipelekwe ovaholi ikifika saa 2,000 au miaka 12, kimojawapo kikitangulia. Wenye ndege wanaikumbuka ile 2,000, ile 12 inawatoka. Injini isiyoruka huoza. Kwenye Lycoming kamshafti, mhimili unaofungua vali, iko juu, oili ikishateremka chini inabaki uchi, unyevu unaikamata, kutu inaanza. Na hizi 172 za 1977 hadi 1980 zilikuja na injini iitwayo O-320-H2AD, ambayo tangu mwanzo ilikuwa na sifa mbaya ya kula kamshafti na tapeti zake. Yaani uliyopewa ni injini yenye ugonjwa wa asili, ukailaza miaka.

Halafu mwandiko. Miaka minne mfululizo, ndege iliruka saa 12 kila mwaka, si 11, si 13, na maandishi yote yana wino mmoja, mteremko mmoja, kama mtu aliyekaa alasiri moja na chai yake akajaza miaka minne. Sikusema kitu. Nikaomba ruhusa kupima.

Kompresheni, yaani jinsi silinda zinavyoshika hewa, ilikuwa safi, silinda zote nne zaidi ya 70 kati ya 80. Muuzaji akatabasamu. Lakini kompresheni inakueleza habari za pete na vali, habari za kamshafti haina. Nikaomba tufungue filta ya oili. Tukaikata, tukaikunjua ile karatasi yake kama kanga, tukaianika juani kwenye bati. Vumbi la chuma lilikuwa limekaa kwenye mikunjo, linameta, na nilipopitisha sumaku likasimama kama manyoya ya paka. Muuzaji akasema ni kawaida kwa injini isiyoruka sana. Kwa namna fulani alikuwa anasema kweli.

Ovaholi ya injini kama hiyo leo inapita dola 30,000 kwa urahisi, na hapo hujasafirisha. Bei yake ya ndege ukijumlisha hiyo, unanunua kitu kingine kabisa. Tulirudi Tabora bila ndege. Njiani shemeji aliniuliza mara mbili kama ile ngozi ingeweza kununuliwa peke yake.

Mtu atauliza kwa nini tunahangaika na vyuma vya miaka ya sabini. Jibu liko Kansas, Marekani, kwao Cessna. Cessna waliacha kutengeneza ndege hizi ndogo mwaka 1986, kesi za fidia zilikuwa zimewaelemea, wakarudi miaka ya tisini baada ya sheria ya Marekani ya 1994 kuwapunguzia mzigo. Kwa hiyo kuna pengo la miaka kumi hivi. Za baada ya pengo ni bei ya jengo la ghorofa. Za kabla ya pengo ni nyingi mno, na ndizo sisi tunazichungulia.

Ya pili ilikuwa Piper Cherokee 180, Afrika Kusini, rafiki yake wa chuo cha urubani ndiye aliyemtumia. Sikuiona kwa macho, nilisoma karatasi tu, na kwa haki niseme ni ndege niipendayo. Injini yake, O-360, ni moja ya zile ambazo fundi analala usingizi. Inabeba kuliko 172. Bawa liko chini, unajaza mafuta umesimama ardhini bila ngazi. Lakini bawa hilohilo la chini linapita jirani na kila kichuguu na kila kisiki, na shemeji anataka kutua viwanja vya udongo. Mlango ni mmoja tu, upande wa kulia. Matangi unabadili kwa mkono, kushoto, kulia, na kuna marubani waliozimikiwa injini wakiwa na tangi zima limejaa upande wa pili kwa sababu ya kusahau. Tena baada ya ajali ya Aprili 2018 kule Daytona Beach, Florida, bawa la ndege ya ukoo huo lilipokatika angani, likaja agizo la kukagua matundu ya bolti kwenye mhimili wa bawa kwa baadhi ya ndege za ukoo huo kulingana na saa na kazi zilizofanya. Ukaguzi huo unataka kifaa na mtu aliyefunzwa. Hivyo vyote viko mbali na Tabora. Ingekuwa anakwenda lami kwa lami, ningemwambia chukua.

Mpwa wangu, yeye akapendekeza ndege ya dizeli. Si wazo la kitoto. Petroli ya ndege, ile ya buluu, haipatikani kila kiwanja, wakati Bombardier za Air Tanzania zinazokuja Tabora na Kigoma zinatumia mafuta ya jeti, na injini za dizeli za ndege ndogo kama Diamond DA40 zinayanywa hayohayo. Tatizo ni bei ya kuinunua na fundi wa kuifungua. Waulize walionunua injini za Thielert, Wajerumani waliogeuza injini ya Mercedes kuwa ya ndege, kampuni ikafilisika 2008 wakabaki na ndege nzuri zisizo na mwenyewe wa kumpigia simu. Teknolojia hiyo imekua tangu wakati huo. Mfuko wa shemeji haujakua kwa kasi hiyo.

Mafuta ndiyo yalinifanya nimpigie debe ndege ya tatu, ingawa kila mtu alidhani yangemfukuza. Cessna 182 ya 1974, namba za 5H, yaani za usajili wa Tanzania, Arusha. Injini ya Continental, silinda sita, nguvu farasi 230. Shemeji alisikia inakunywa kama lita 48 kwa saa, wakati 172 inakunywa kama 32, akasema shemeji unataka kunifilisi. Nikachukua kalamu. Tabora hadi Kigoma kwa anga ni kama kilomita 350, njia ambayo kwa treni unaweza kumaliza usiku mzima. Kwenda na kurudi, 172 kwa mwendo wake wa noti 110, yaani maili 110 za baharini kwa saa, inachukua karibu saa tatu na nusu, lita 110. Hii 182 inakwenda noti 135, saa mbili na dakika 48, lita 134. Tofauti ni lita 24. Kwa saa inaonekana mlafi, kwa safari siyo sana. Na sisi hatununui saa, tunakwenda Kigoma.

Uzito wake wa juu ni kilo 1,338, tupu 815. Watu wale wale wa mizani, pipa zima la lita 200 kwenye matangi, bado zinabaki kilo 142. Ndoo tano.

Rangi yake ilikuwa imechakaa kama bango la uchaguzi uliopita. Ngozi hakuna, viti vya kitambaa kilichopauka. Lakini logibuku zilikuwa nne, zimechanika kingo, miandiko sita tofauti, madoa ya oili, mihuri. Inaruka karibu kila wiki. Injini saa 820 tangu ovaholi, kati ya 1,500 zinazopendekezwa. Huyo ni mgonjwa anayetembea kwa miguu yake kuja hospitali.

Udhaifu wake nilikuwa naujua kabla ya kufika. 182 ni nzito puani. Rubani mvivu akitua bila kuvuta, gurudumu la mbele linagonga kwanza, na lile bati kati ya injini na miguu ya abiria linakunjamana. Nilifungua vifuniko vya injini nikapitisha kidole taratibu, chini, kwenye kona. Kulikuwa na kiraka. Nikarudi kwenye logibuku: 1991, kutua vibaya, bati limebadilishwa, sahihi, namba ya kazi, picha imebanwa kwa pini. Muuzaji mwenyewe alikuwa hajui. Kiraka kilichoandikwa hakinitishi. Kingekuwepo kiraka bila ukurasa, ningekuwa nimeshafunga tochi yangu.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa matangi. Kwenye 182 za zamani petroli inakaa ndani ya mifuko ya mpira iliyolazwa bawani, na mpira ukizeeka unajikunja, na nyuma ya mkunjo maji yanajificha. Unachota kidogo kutoka chini kabla ya kuruka, unaona buluu safi, unashukuru. Ukipaa, maji yanavuka mkunjo. Nikamwomba kijana wa pale atikise ncha ya bawa juu chini kwa nguvu, kisha nikachota tena kwenye chupa ya jemu. Safari hii chini ya ile buluu kulikuwa na tone, kubwa kama punje ya mahindi, linazunguka peke yake, halichanganyiki. Nikalishika juani ili shemeji alione. Alilitazama kuliko alivyoitazama ndege.

Mifuko miwili mipya, na vifuniko vya matangi vya aina isiyopitisha mvua, vikakatwa kwenye bei. Muuzaji alibisha kwa heshima, akakubali kabla ya chai kupoa. Karakana yenye kibali ilivibadilisha palepale Arusha, ikafanya na ukaguzi wa mwaka, karatasi za umiliki zikaenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Gharama nyingine sizirefushi. Bima, maegesho, fundi wa kumtoa mbali na kumlaza hotelini, propela inayojigeuza pembe ambayo nayo ina tarehe zake za kufunguliwa. Ndege isiporuka inazila vilevile. Na jirani yeyote atakayetaka "kulifti" kwa nauli aambiwe mapema: leseni ya shemeji haimruhusu kupokea nauli ya mtu.

Ilitua Tabora Alhamisi, saa tatu asubuhi, kama saa mbili kutoka Arusha. Dada alikuja na gauni la harusi ya mtu, akazunguka ndege nzima akitafuta pa kuingilia, akauliza mbona rangi hivi. Shemeji akamwambia subiri ndoo tano. Nikamsaidia kuifunga kamba, nikamwonyesha kifuniko chekundu cha mrija ulio chini ya bawa la kushoto, ule unaopima mwendo. Nikamwambia hiki usikiache hata siku moja, nyigu wa hapa wanapenda tundu lolote la ukubwa huo.

Ijumaa nilipita kuiangalia. Mdomo wa mrija ulikuwa umezibwa nusu kwa udongo mbichi, nyigu mwenyewe amesimama pembeni anapumzika. Kifuniko kilikuwa kwenye kiti cha nyuma, juu ya kitambaa kilichopauka, kimekunjwa vizuri. Nikampigia shemeji. Akasema, "Aah. Nilikiweka ndani kisiibiwe."